Taa ya Tatu Kutoka Kushoto

Juzi nilikuwa nafuta vumbi hapa Kaloleni ninapopanga, nikapitisha kitambaa chenye unyevu juu ya ruta. Kikapanda kile kiharufu cha vumbi lililolowa juu ya plastiki yenye joto, na mkono ukarudi nyuma wenyewe kabla sijajua kwa nini. Mtu mzima, intaneti nalipia mwenyewe, nimesimama katikati ya chumba na kitambaa mkononi kama mwizi aliyefumaniwa. Nikacheka. Halafu kicheko kikaisha, nikakaa kwenye mkono wa kochi nikamkumbuka Baba, ambaye tulimzika mwaka juzi.

Wenzangu mliokulia vijijini wakati kompyuta zinaanza kuingia majumbani mnajua jinsi vifaa vile vilivyoheshimiwa. Kwetu Kikwe, kompyuta ya mezani ilifunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua ya njano, na kile kisanduku cha intaneti, ambacho sisi tulikiita kiboksi, kiliwekwa kwenye kabati la vioo pamoja na glasi za harusi ya Mama. Kilikuwa na taa nne ndogo za kijani. Waya wake ulipanda mpaka juu ya bati, kwenye bomba lenye antena iliyoelekea mjini. Simu zetu zilikuwa za tochi tu, za kupiga na kupokea, kwa hiyo kiboksi ndicho kilikuwa mlango wetu pekee wa kutokea duniani.

Kililetwa kwa ajili ya Mama. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na wakati huo alikuwa anasoma shahada kwa masafa, yaani mwanafunzi wa chuo anayeishi nyumbani kwake na kusoma akishamaliza kuosha vyombo. Alikuwa na laptop yake aliyoinunua kwa kujinyima. Ile ya mezani ilikuwa ya mtumba, yetu mimi na mdogo wangu Rehema, ila Rehema alikuwa wa chekechea, kwa hiyo sema tu ilikuwa yangu. Nilikuwa darasa la tano na nilijiona najua kila kitu.

Baba alikuwa anafanya kazi kwenye shamba la maua, upande wa pampu za maji, na Jumapili alikuwa mpiga kengele wa kanisa letu. Nataka mwelewe maana yake. Kila taarifa ya habari ya saa mbili usiku alisimama mbele ya saa ya ukutani na kuilinganisha na redio, kisha akalinganisha na ya mkononi. Majirani walikuwa wakisema, "Baba Aika akipiga kengele, wewe rekebisha saa yako, usibishane." Mtu akichelewa kwake dakika tano alimpokea kwa kumwangalia mkononi, sio usoni. Ungeweza kumlaumu Baba kwa ukali, kwa ubahili wa maneno, kwa kutopenda utani, lakini kwa habari ya saa hakuna aliyethubutu.

Majuma mawili ya kwanza tulikula intaneti kama sikukuu. Mimi niligundua katuni. Jumamosi moja nilizama humo mpaka nikasahau kumkatia ng'ombe majani, naye akalia, akalia tena, mpaka Baba akaja kutoka shambani na jembe mkononi. Hakunichapa. Kesho yake, baada ya ibada, alichukua laptop ya Mama na karatasi ya maelekezo waliyoacha mafundi wa antena, akajifungia sebuleni peke yake. Alipotoka alibandika kipande cha karatasi chini ya saa ya ukutani, kwa herufi kubwa zilizonyooka: MTANDAO: SAA 12:00 – SAA 3:00.

"Kuanzia leo nyumba hii ina ratiba," akasema. "Saa kumi na mbili jioni kazi zimekwisha, unafunguka wenyewe. Saa tatu usiku unajifunga wenyewe, tunasali, tunalala. Hakuna kubembelezana na mashine."

Mama akaguna, lakini aliridhika, kwa sababu saa zake za kusoma zilikuwa ndizo hizohizo.

Sasa mimi, ile Jumatatu asubuhi kabla ya shule, nikaona nitafute msamaha kwa usafi. Nikafuta meza, nikafuta kabati, nikakitoa kiboksi na kukipangusa kwa kitambaa nilichokichovya kwenye ndoo na kukikamua nusunusu. Kilikuwa cha moto. Kikatoa harufu ileile. Niliona tone moja likiingia kwenye vitundu vyake vya pembeni, nikakipuliza, nikakirudisha katikati ya glasi, nikaenda shule.

Jioni, saa kumi na mbili, tukakaa wote sebuleni kusubiri ratiba mpya ianze kazi. Mama akawasha laptop, mimi nikawasha ya mezani. Kwenye ile orodha ambapo jina la mtandao wetu hutokea, hapakuwa na kitu. Mama akazima akawasha. Nikazima nikawasha. Baba akachomoa kiboksi ukutani, akahesabu mpaka thelathini kwa sauti, akakichomeka. Taa tatu zikawaka. Ile ya tatu kutoka kushoto, yenye alama ya vijistari vilivyopinda, ikabaki nyeusi.

"Jana si kilikuwa kizima?" Mama akauliza. "Nani amekigusa?"

Rehema, na miaka yake minne, akasema kwa sauti ya kusifu kabisa: "Dada Aika alikiogesha asubuhi."

Jamani, huyu mtoto. Mpaka leo nikimkumbusha anacheka, mimi bado najaribu.

Niwaeleze kitu kuhusu kwetu. Sala ya usiku ndiyo ilikuwa baraza. Mambo ambayo wazazi wangu hawakutaka kuambiana usoni waliyapeleka kwa Mungu, kwa sauti ya kutosha kila mtu kusikia. Mama aliwahi kusali, "Bwana, uwakumbushe wanaoingia na viatu vya shambani hadi jikoni," na Baba akaitikia Amina taratibu, kesho yake viatu vikabaki nje. Usiku huo ilikuwa zamu ya Baba. Akafumba macho, akasali mvua, akasali wagonjwa, kisha akasema, "Na mtoto wetu Aikande, Bwana, umwondolee mikono isiyotulia, na umfundishe kuacha vitu visivyomhusu." Nilitamani sakafu inimeze. Rehema akasema Amina kwa nguvu zote.

Akaisali sala hiyo kila zamu yake ilipofika, majuma matatu.

Yangeishia kwenye aibu ningevumilia. Lakini Mama alikuwa na jaribio la mwisho wa mwaka, la kufanyia kwenye tovuti ya chuo, Alhamisi moja tu, kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni mpaka saa mbili na nusu usiku. Ukilikosa, unarudia mwaka. Kule Usa River kulikuwa na chumba cha intaneti lakini kilifungwa saa kumi na moja, mwenye chumba alikataa katakata kukaa zaidi. Nilimsikia Mama nyuma ya jiko akimwambia mwalimu mwenzake kwenye simu: "Mwaka mzima, shoga yangu. Usingizi niliouacha, wa bure." Hakusema ni kosa langu. Hakusema hata siku moja, na hilo liliniuma kuliko sala za Baba.

Baba alimleta fundi kutoka mjini, Jumamosi, saa nne asubuhi. Kijana akafungua kiboksi kwa bisibisi, akanusa, akauliza kama kimewahi kuingia maji. Wote wakanigeukia. "Basi ndio hivyo," akasema. "Hiki hakiponi, mzee. Tafuteni kingine." Pesa ya kingine hatukuwa nayo. Akanywa chai, na saa tano akaaga. Sisi tukaenda kupalilia mahindi tukarudi jua linazama.

Kulikuwa na jambo moja la ajabu. Jumapili tulirudi kutoka kanisani kama saa nane mchana, na siku hiyo, ooh, mtandao upo! Kompyuta zote mbili zikaingia bila hata kubembelezwa. Mama akakimbilia kupakua masomo yake akiwa bado na kitenge cha kanisani. Tulipata chini ya saa moja, ukapotea. Jumapili iliyofuata vilevile. Baba akasema maofisi mjini yamefungwa, kwa hiyo laini zina nafasi. Mama akasema pengine. Mimi sikusema kitu, kwa sababu nilikuwa na maelezo yangu, na niliyaamini kama Maandiko.

Maelezo yangu yalikuwa haya: lile tone bado limo ndani. Usiku baridi ya mlimani inashuka, tone linakua, kiboksi kinakufa. Mchana jua linakausha, kinafufuka, halafu jua likilegea kinalowa tena. Mahindi yetu kwenye turubai yalikuwa hivyohivyo. Siku za kazi hatukuwepo nyumbani mchana, ndiyo maana hatukukiona kikifufuka. Kwa hiyo dawa ni moja tu, kukianika mpaka kikauke kabisa, na kazi hiyo ni yangu kwa sababu niliyekilowesha ni mimi.

Lini sasa, na shule kila siku? Jumapili ile ya tatu usiku shavu langu la kushoto likavimba. Jumatatu asubuhi yakawa yote mawili. Matubwitubwi. Mama akanifunga kanga kuanzia kidevuni mpaka utosini, akaniachia uji kwenye chupa ya chai, akasema nisitoke juma zima. Nilikuwa na maumivu ya kulia, lakini nawaambia ukweli, moyoni nilifurahi. Jaribio lilikuwa Alhamisi. Nilikuwa na siku tatu peke yangu na kiboksi nilichokatazwa kukigusa.

Jumatatu nikakitoa kabatini na waya wake, nikakiweka dirishani penye jua, nikaketi. Saa tatu, hakuna. Saa tano, hakuna. Mchana jua lilipokuwa kali kweli, taa ya tatu ikawaka. Nilipiga kelele, taya likaniuma mpaka machozi. Nikawasha ya mezani, jina la mtandao likatokea, nikaingia. Nikasema kimoyomoyo, haya, kaa hapohapo, endelea kukauka. Alasiri ikazima. Nikakirudisha kabatini kabla Mama hajafika, nikapanga glasi zilivyokuwa.

Jumanne mawingu yalishuka kutoka mlimani yakakaa. Manyunyu tangu asubuhi, baridi, hata kuku hawakutoka. Nikajua leo sina bahati, hakuna jua. Nikakiacha kabatini. Na mchana, gizani humo katikati ya glasi, taa ya tatu ikawaka.

Nilikasirika. Mnaweza kucheka, lakini nilikuwa nimeyapenda sana maelezo yangu. Nilikifunika kwa blanketi kionje unyevu, haikuzima. Nikakisogeza karibu na ndoo ya maji, haikuzima. Nikakiambia, "Wewe una nini lakini?" Alasiri, nikiwa nimekaa nakitazama tu, kikazima bila sababu. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza nikainua macho kuangalia saa. Ilikuwa saa tisa kamili, mkono mrefu juu kabisa.

Kamili? Jua halina kamili. Tone la maji halina kamili.

Jumatano nikavuta kiti mbele ya saa ya ukutani, kiboksi mapajani. Saa sita kasoro dakika moja, taa nyeusi. Mikono miwili ikakutana juu, na taa ikawaka. Hata sekunde haikuongeza. Nikakodoa macho pale juu, mkono mfupi kwenye kumi na mbili, mkono mrefu kwenye kumi na mbili, na chini yake karatasi ya Baba: SAA 12:00 – SAA 3:00. Na saa tisa, inapozima, mkono mfupi unakuwa kwenye tatu.

Sisi wote tulifundishwa saa kwa namna moja: mkono mfupi ukiwa kwenye kumi na mbili unasema sita, ukiwa kwenye tatu unasema tisa. Hatuisomi namba iliyopo, tunasoma ya ng'ambo yake, na tumezoea mpaka hatujui kama tunafanya hivyo. Kiboksi hakikufundishwa na mwalimu wetu. Kilisoma namba kama zilivyoandikwa. Baba alikiandikia kumi na mbili na tatu akiwaza jioni na usiku, nacho kikatii, kikawa kinafungua saa sita mchana na kujifunga saa tisa, kila siku bila kuchelewa, sisi tukiwa shuleni na shambani.

Si mimi niliyekiharibu. Nililia pale kwenye kiti, kanga imefunga mashavu, nalia kwa hasira zaidi ya furaha. Majuma matatu ya sala!

Jioni nikamwambia Mama kwanza, jikoni. Akasikiliza, akaacha kukoroga, akaziba mdomo kwa mkono. Mabega yakawa yanatikisika. "Yesu wangu," akasema, "Baba Aika, na kengele zake!" Halafu akawa mtu mzima tena. "Kurekebisha ni mpaka uingie kwenye huo mtandao?"

"Ndiyo. Waya wake wa kuunganishia panya walishaukata. Ni mpaka saa sita mchana kesho, na neno la siri analo Baba."

"Basi mwambie. Wewe mwenyewe. Wewe ndiye ulibeba lawama."

Nikamwambia mezani. Nilisema vizuri, kwa adabu, nikionyesha saa kwa kidole. Baba akaweka kijiko chini. "Mimi," akasema polepole, "nimekosea saa?"

"Sio kukosea, Baba, ila kile kiboksi..."

"Fundi amesema maji." Akainuka, akaenda kumtazama ng'ombe ambaye hakuwa na shida yoyote.

Usiku huo ilikuwa zamu ya Mama kusali. Akasali mvua, akasali wagonjwa, akasali taya langu. "Na baba wa nyumba hii, Bwana," akamalizia, "mjalie pikipiki yake iwe na mafuta kesho saa sita mchana, na msimamizi wake ampe ruhusa bila maswali." Nikafungua jicho moja. Baba alikuwa amekunja uso, macho amefumba. Amina yake sikuisikia.

Alhamisi asubuhi aliwasha pikipiki akaenda kazini kama kila siku. Nikakaa kwenye kiti changu. Saa tano. Saa tano na nusu. Niliapa kwamba asipokuja nitakisia lile neno la siri mwenyewe, nitajaribu majina ya ng'ombe wote tuliowahi kufuga, nitajaribu zaburi zote. Mwaka wa Mama hauwezi kupotea kwa sababu ya namba mbili. Saa sita kasorobo nikasikia pikipiki.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Uso unauma?"

"Kidogo."

Akaingia na mabuti yake ya kazini, hadi sebuleni, na Mama hakuwepo kumsalia. Akavuta kiti karibu na changu. Tukaitazama saa pamoja, kiboksi katikati yetu. Akatazama ya mkononi, akatazama ya ukutani. Mikono ikakutana. Taa ikawaka.

Baba akavua kofia, akaishika magotini. Alikaa hivyo muda mrefu kiasi kwamba niliogopa saa tisa itatukuta. Kisha akahamia kwenye ya mezani, akaandika neno lake la siri akiificha kibodi kwa bega, ukafunguka ule ukurasa wenye namba. Kidole kimoja kikabaki hewani.

"Niandike ngapi?" akaniuliza. Mimi. Ananiuliza mimi.

"Sita, Baba. Mpaka tisa. Zile herufi PM, za baada ya mchana, ziache zilivyo."

Akaandika sita. Akaandika tisa. Akasoma mara tatu, akahifadhi, na palepale mtandao ukakatika, kwa sababu sasa mchana haukuwa wake tena. Akavaa kofia, akanywa maji, akarudi kazini. Neno hakusema. Nilisimama mlangoni mpaka vumbi la pikipiki likatulia, na nawaambia niliumia. Nilitaka aseme. Kiboksi kilikuwa kimepona, mimi bado.

Saa kumi na mbili jioni, kamili, taa ya tatu kutoka kushoto ikawaka. Mama akaketi mbele ya laptop na kalamu mbili ambazo hakuzihitaji. Baba akatutoa nje mimi na Rehema, akasimama uani mwenyewe, akifukuza kuku wasipige kelele, akamrudisha getini jirani aliyekuja kuazima toroli. Saa mbili na dakika kumi Mama akatoka, macho mekundu. "Nimetuma," akasema. "Imepokelewa." Siku hiyo hakuna aliyelinganisha saa na redio.

Saa tatu mtandao ukajifunga, tukapiga magoti. Ilikuwa zamu ya Baba. Mvua. Wagonjwa. Nikajiandaa kwa ile mikono yangu isiyotulia.

"Na tena, Bwana," Baba akasema, akakohoa. "Majuma matatu katika nyumba hii mtoto amebebeshwa kosa ambalo sio lake. Hakuharibu kitu. Aliyekosea saa ni mimi, mpiga kengele wako. Nilimsema vibaya mbele zako na mbele ya mama yake na mdogo wake. Naomba anisamehe."

Kwetu macho hufumbwa mpaka Amina. Lakini niliposikia hivyo nikafungua, na Baba hakuwa amefumba yake. Alikuwa ananitazama mimi, mimi na kanga yangu na mashavu yangu, anasubiri.

"Amina," nikasema, kabla ya wote.